Asili Haitupwi

Alhamisi, 8 Mei

Kompyuta inagonga. Si mlio wa feni, feni naijua. Ni ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu halafu anakata tamaa. Nimetega sikio kwenye kasha lake. Ko. Diski inakufa.

Na siku yenyewe ndiyo hii! Asubuhi Mkuu wa ofisi ametuita mimi na Bi Daftari, akatusomea waraka. Ijumaa ijayo, tarehe 16, wakaguzi wanakuja kuunganisha masjala yetu ya vizazi na mtandao mkuu. Sharti ni moja: kompyuta iwe imesasishwa yote, isibaki hata chembe. Ikisasishwa, watoto wote watasajiliwa kwenye kompyuta, na daftari kubwa litafungwa na kupelekwa ghalani. Isiposasishwa, kompyuta ndiyo itakayokwenda ghalani na daftari litaendelea. Kompyuta ni mimi. Daftari ni yeye.

Niandike hapa kwa ajili ya historia. Mimi ni karani wa masjala, miaka ishirini na sita kazini, sita ya mwisho mbele ya kompyuta. Bi Daftari (jina nimempa mimi, mwenyewe halijui) ana miaka ishirini na saba. Kwa mwaka huo mmoja ananitangulia kila mahali: kwenye chai, kwenye kusaini mahudhurio, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Anaandika watoto kwa kalamu ya wino, kwenye daftari lenye ukubwa wa mlango wa kabati. Akikosea anakata kwa rula. Kwa rula!

Nimemuuliza Mkuu, kwa unyenyekevu, nani atakuwa msimamizi wa masjala daftari likishafungwa. Amesema tutaona. Kwa Mkuu, tutaona maana yake ni ndiyo.

Habari za mlio sijamwambia mtu. Bi Daftari aliinua kichwa mara moja akauliza kama kuna mtu mlangoni. Nikamjibu ni bomba la maji. Akarudi kwenye wino wake.

Nimekata shauri. Nitainakili diski yote kwenye diski mpya, kimyakimya, halafu nitasasisha. Fundi siiti. Fundi pekee ninayemjua ni shemeji, kaka wa mke wangu, na shemeji akikusaidia leo utazisikia habari zake kwenye kila shughuli ya ukoo mpaka siku ya mazishi yako. Na siku hiyo pia ataomba aseme machache.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi! Diski mpya nimeikuta stoo, imesahauliwa nyuma ya rimu za karatasi tangu enzi za Mkuu aliyepita. Nimeisainia. Saa sita na nusu, Bi Daftari alipotoka kwenda kula, nikafungua kasha kwa bisibisi. Skrubu nne. Ndani kuna vumbi la kutosha kupandia mboga.

Programu ya kunakili imeniuliza maswali kumi na mawili. Yote nimejibu ndiyo. Bi Daftari aliporudi akakuta nimelifunika kasha kwa koti langu. Nikasema koti lina jasho, nalianika. Waliokuja kusajili watoto nikawaomba warudi Jumatatu. Saa kumi kasoro robo: asilimia mia! Makosa matatu tu, programu imesema, kati ya mamilioni. Mimi mwenyewe sijafika saa nne asubuhi nimeshafanya zaidi ya hayo.

Hapa ndipo karani wa kawaida angeteleza. Angeitoa diski ya zamani, akabaki na mpya. Mimi nimelelewa na masjala. Somo la kwanza nililofundishwa siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo: asili haitupwi. Nakala hukaa nyuma ya asili, ndani ya jalada lilelile, na asili ndiyo inayotangulia. Nakala isiyo na asili ni karatasi tu, hata mbele ya hakimu haisimami. Kwa hiyo ya zamani nimeiacha palepale, kwenye tundu la kwanza, na mpya nimeichomeka chini yake. Heshima kwa mkubwa. Kisha nikazipiga mihuri. Juu ya ya zamani: ASILI. Juu ya mpya: NAKALA HALISI. Saini na tarehe. Wino ulichuruzika kidogo pembeni, nikaufuta kwa leso.

Nimewasha. Imewaka, tena kwa kasi mpya, nimeiona kwa macho yangu. Kuanzia sasa kazi inafanya nakala, asili inakaa kama shahidi. Bado kuna kugonga, lakini hiyo ni asili inalalamikia kustaafu. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, 12 Mei

Sasisho la kwanza. Nimebonyeza saa mbili na robo, nikakaa mikono kifuani. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na nne. Ko, ko. Halafu maandishi: sasisho limeshindwa, mabadiliko yanafutwa. Chini yake namba ndefu ajabu, sifuri na herufi zimechanganyika.

Mtu mwingine angehamaki. Mimi namba kama hiyo naijua ninapoiona: ni kumbukumbu namba. Na kila shauri lenye kumbukumbu namba linahitaji jalada. Nimefungua jalada jipya, Hitilafu za Sasisho, Juzuu la Kwanza, nikainakili namba, nikaliingiza kwenye orodha ya majalada. Hapo tu nilijisikia nafuu. Nikajaribu tena. Thelathini na nne. Folio ya pili.

Wakati huohuo, njama. Mtu akiingia masjala, meza ya kwanza anayokutana nayo ni ya Bi Daftari. Nimechapa bango: VIZAZI VYOTE, MEZA YA KOMPYUTA. Na mshale. Nimelibandika mlangoni. Kufikia saa sita nilikuwa nimesajili watoto tisa, mapacha wakiwemo. Yeye sifuri.

Lakini mwanamke huyu! Amekihamisha kiti chake mpaka mlango wa kutokea. Kila mzazi akitoka anaambiwa, hebu nami nimwone huyo mgeni. Anamsifu mtoto, anamshika kidole, anauliza alilala vipi, na papo hapo anamwandika. Tisa kwa tisa. Mama wa mapacha ametoka akicheka, mimi hakunichekea.

Jumanne, 13 Mei

Mjukuu! Binti yangu amejifungua salama alfajiri ya leo. Msichana, kilo tatu na nusu, sauti ya dalali mnadani. Nimekuwa babu. Nimelia kidogo kwenye korido ya wodi. Naandika kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Mke wangu amenicheka. Amesema sasa ameletewa mke mwenza, tena mbichi, itabidi aanze kujipamba.

Saa nne kamili nimemsajili mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu viwili, kutoka kwenye kadi ya wodini. Nimehakiki mara tatu. Nimeutazama mstari ule kwa muda mrefu. Jina lake, jina la mama yake, na jina la babu yake likimalizia.

Bi Daftari alinipongeza kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, akanyoosha mkono aipate kadi aandike. Nikamwambia ahsante, lakini mjukuu wangu hatapita kwenye daftari. Mjukuu wangu ni mtoto wa zama mpya. Akaurudisha mkono polepole. Akasema, "Mtoto ni wa wote, kaka." Nikaitia kadi kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nilimshinda, hapo hakuna ubishi. Niseme kweli, nilitegemea raha yake ingekuwa kubwa zaidi.

Sasisho, jaribio la tano na la sita: thelathini na nne, thelathini na nne. Nimeanza kulishuku birika lake la umeme. Kila likichemka, sasisho linaanguka. Nimelichomoa, nikauficha waya kwenye droo. Mkuu amekuja kuuliza kwa nini leo hakuna chai. Nimemwambia ni kwa ajili ya maendeleo. Jaribio la saba, bila birika: thelathini na nne.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbili zimebaki. Maji yamefika shingoni, lakini shingo yangu ni ndefu.

Nimezima na kuwasha mara sita. Nimefuta masasisho ya zamani yaliyokwama. Nimesoma mahali kwamba sasisho linahitaji nafasi, basi nikaingia kwenye picha za sherehe ya kumuaga Mkuu aliyepita. Picha mia nne na kumi na mbili! Mia tatu kati yake ni Mkuu wa sasa akicheza. Nimezifuta zote, nafasi imepatikana tele. Jaribio la tisa: thelathini na tano! Nimepiga ngumi hewani. Tunasogea.

Nikaita chombo cha ukarabati, kompyuta inacho chake yenyewe. Kimefanya kazi dakika arobaini, kikatoa ripoti: kimeyaona mafaili yaliyoharibika na kimeshindwa kuyatengeneza. Ripoti ya namna hiyo hata mimi naweza kuiandika, tena kwa nusu saa. Nimeitia jaladani, folio ya kumi na moja.

Basi nikameza mate, nikampigia shemeji. Kwa mbinu, lakini. Nikamwambia nina rafiki, wa ofisi nyingine kabisa, kompyuta yake imenakiliwa diski na sasa masasisho yanagoma. Shemeji akauliza kama huyo rafiki ameitoa diski ya zamani. Nikasema rafiki yangu ni mtu wa utaratibu, zote mbili zimo ndani. Akaeleza, taratibu, kama anayemsomea mtoto. Kompyuta ikikuta diski mbili zinazofanana inaamka na ya kwanza. Kwa hiyo kila siku inaamka na ile mbovu, na kila anachoandika rafiki kinaingia kwenye mbovu. Ile mpya imekaa tu, haijui hata leo ni siku gani. Masasisho yanaanguka kila yakifika palipooza. Aitoe leo hii, kabla haijamfia na kazi yote.

Nikashukuru kwa niaba ya rafiki. Shemeji akasema, "Na huyo rafiki yako akifika nyumbani jioni, amsalimie dada yangu."

Jeuri kabisa. Njia nzima nimelipima shauri lake na haliniingii akilini. Ati niitoe asili! Shemeji ni fundi, hajawahi kukaa masjala hata siku moja, atajuaje mambo ya kumbukumbu? Isitoshe ninao ushahidi. Diski zina mihuri. Nimeandika mimi mwenyewe, na kusaini, ipi ni asili na ipi ndiyo nakala inayofanya kazi. Jaribio la kumi na moja: thelathini na tano. Sirudi nyuma.

Alhamisi, 15 Mei

Saa tatu asubuhi. Ko, ko. Ko-ko-ko-ko. Koooo. Kimya. Skrini nyeusi.

Nilikaa nimeushika ukingo wa meza. Bi Daftari akasema naona bomba limepona. Nikazima, nikapiga moyo konde, nikawasha.

Imewaka! Hakuna mlio hata mmoja. Haijawahi kuamka haraka namna hii tangu nikabidhiwe. Nikabonyeza sasisho, jaribio la kumi na mbili, nikafumba macho. Nilipofumbua: thelathini na sita! Hamsini. Themanini. Tisini na tisa, ikakaa hapo mpaka nikaanza kuombea. Halafu: kompyuta yako imesasishwa kikamilifu.

Nimepanda juu ya kiti. Nimemkumbatia mlinzi wa getini, ambaye hatujawahi kusalimiana. Mkuu amenipa mkono mbele ya watu, akasema kesho atatangaza rasmi mbele ya wakaguzi. Shemeji nimempelekea ujumbe: rafiki yangu amefaulu, na hakutoa kitu. Hajajibu. Atajibu nini?

Tangu hapo sijasajili mtu. Niliwaonyesha wageni yale maneno kwenye skrini, halafu nikawaelekeza kwa Bi Daftari, naye apate siku ya kuagia. Jioni amekausha kalamu yake, akalifunga daftari, akalifunika kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka nyumbani. Akaniambia hongera, kaka. Kisha akauliza kama ghalani kuna panya. Nikasema hakuna. Wapo, wengi tu. Nimelifunga jalada na kuandika juu yake: shauri limekwisha.

Ijumaa, 16 Mei

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mkuu amevaa tai, mimi shati jeupe. Mkaguzi mmoja akaitazama kompyuta, akasema imesasishwa, safi kabisa. Wakachomeka kebo ya mtandao mkuu. Makofi. Mkuu akaomba tuwaonyeshe wageni kazi yenyewe. Na mimi nilikuwa nimejiandaa! Kwenye benchi, kwa mpango wangu, binti yangu alikuwa amekaa na mtoto, mke wangu pembeni. Mjukuu wangu ndiye atakuwa wa kwanza kupewa cheti cha kuzaliwa kutoka mtandao mkuu. Mpiga picha nilimweka karibu na dirisha. Nikaandika jina la mtoto, nikabonyeza.

Hakuna kumbukumbu.

Nikaandika tena, taratibu. Nikatafuta kwa jina la mama. Nikatafuta kwa tarehe. Hakuna. Nikaifungua Jumanne yote: tupu. Jumatatu: tupu. Mapacha hawapo. Mtoto wa mwisho aliyemo ni wa Ijumaa iliyopita, saa tano asubuhi. Watoto thelathini na saba wa wiki hii hawajazaliwa. Na mjukuu wangu amelala hatua mbili kutoka kwangu, anapumua, kidole mdomoni, na kompyuta iliyosasishwa kikamilifu inasema hayupo.

Nikakumbuka kadi ya wodini. Kadi ilikuwa kwenye shati la Jumanne, na shati lile niliona mwenyewe Jumatano asubuhi, limeshafuliwa, liko kwenye kamba. Binti yangu akaniuliza, baba, kuna nini? Sikuweza kumtazama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kisha kiti kikasogea. Bi Daftari alikuwa ameondoa kitambaa. Akafungua daftari, akalamba kidole, akapekua. Ukurasa wa mia mbili kumi na mbili, mstari wa nane. Akasoma kwa sauti: jina, msichana, kilo tatu na nusu, saa ya kuzaliwa, mama, baba. Akafika kwenye safu ya maelezo, ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Alikuwa ameandika: mjukuu wa mwenzetu wa masjala.

Nikamuuliza alimpata wapi. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akampokea mtoto, akamweka vizuri begani, akasema Jumanne jioni aliitoa kadi mfukoni kabla ya kufua, na Jumatano akampelekea Bi Daftari nilipokuwa nimezama kwenye kufuta picha. "Miaka thelathini naishi na wewe, baba," akasema mbele ya wakaguzi. "Nakujua wewe na vitu unavyotengeneza."

Thelathini na saba wote wamo. Mkuu ametangaza papo hapo: daftari halifungwi. Daftari ndilo asili, kompyuta ni nakala, na msimamizi wa masjala ni mwenye asili. Makofi tena, marefu kuliko yale ya kebo. Mpiga picha amewapiga picha Bi Daftari na mjukuu wangu.

Saa nane akafika shemeji, ameitwa na dada yake. Akafungua kasha, akaiona mihuri, akakaa sakafuni kabisa ili acheke vizuri. Alipopata pumzi akaeleza mbele ya wote. Wiki nzima nilikuwa nikiandika kwenye ile ya zamani. Ilipokufa jana, kompyuta ikaamka na nakala, ambayo ni nzima, ndiyo maana sasisho likapita. Ila nakala inajua mambo ya mpaka Ijumaa niliponakili, basi. Watoto wa wiki hii walikuwa kwenye ile maiti. Akaichomoa, akaniwekea kiganjani, akasema nenda ukaizike. Na nimsalimie rafiki yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewaingiza upya watoto wote. Bi Daftari alisoma, mimi nikachapa. Alisoma polepole, akivingoja vidole vyangu viwili. Hakunisimanga hata mara moja, na hilo limeniuma kuliko masimango yenyewe. Niliurudisha waya wa birika. Chai ilipochemka akanimiminia mimi kwanza. Nikamwambia ahsante, dada. Nikamwambia pia kwamba ghalani kuna panya. Akasema anajua, Alhamisi jioni alipita kuangalia.

Mjukuu wangu nilimwacha wa mwisho, nimalizie na utamu. Cheti chake kimetoka, karatasi nzuri, ngumu, mhuri umekaa sawasawa. Nimekichukua mimi, nimpelekee mama yake. Bango langu la mshale nimelibandua mwenyewe.

Diski iliyokufa sijaizika. Nimeifungulia jalada. Na nimeapa, naandika hapa na kusaini: sitashika tena bisibisi ndani ya ofisi hii. Mtu mzima hujifunza.

Jumatatu, 19 Mei

Kompyuta ya Mkuu inagonga!

Nimeisikia kupitia ukutani saa tatu kamili. Ko, ko. Mkuu mwenyewe anadhani ni bomba. Nimeingia, nikamweleza kwa upole kwamba hapa ofisini mwenye uzoefu wa jambo hili ni mmoja tu. Akasema tutaona. Tutaona!

Alipokwenda kwenye kikao nikaanza. Skrubu zilitoka nne, zimerudi tatu, na kasha limesimama vizuri tu. Diski ya Mkuu tundu la kwanza, mpya, nyingine niliyoikuta stoo, tundu la pili. Shemeji hana habari, wala hana haja ya kuwa nazo. Kwa siku mbili nimelitafakari kosa la wiki iliyopita, bila kujionea huruma, na nimelipata. Ni wino. Wino wa bluu ulichuruzika ukaingia ndani ya diski. Safari hii nimepiga mhuri kwa wino mweusi, nikaupepea mpaka ukakauka. Imewaka bila shida. Inagonga kidogo, ni kustaafu. Sasisho la kwanza limefika asilimia ishirini na mbili, nimelifungulia jalada.

Nilipofika nyumbani, mke wangu akauliza kilipo cheti cha mtoto, binti anakihitaji kesho kliniki. Nikamwambia atulie, kiko salama kuliko vyeti vyote. Nilikipitisha kwenye mashine ya kunakili, na sura yake nimeihifadhi kwenye kompyuta ya Mkuu. Akauliza karatasi yenyewe iko wapi. Nikamweleza kwamba karatasi ilimezwa na mashine, ikatoka vipande, lakini asiwe na wasiwasi: kwenye kompyuta ya Mkuu kuna diski mbili.

Alijitanda kanga mabegani, akavaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi jioni hii. Amesema kwa Bi Daftari. Sijui huwa wanazungumza nini kila siku, wale wawili.